Shangazi, nimebandika kurasa za kitabu kwa ugali

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 38, naishi Kitangiri hapa Mwanza, na biashara yangu ni dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Jambo ninalokuandikia nikimweleza mume wangu anacheka. Nikimweleza dada yangu anasema nimekosa kazi. Labda ni kweli, maana hizi ni siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa hawatoki, mzigo hakuna, nami nimebaki nyumbani na mawazo yangu.

Mwaka jana mwezi wa nane nilipita Makoroboi kutafuta sketi ya shule. Kijana mmoja alikuwa ametandika turubai la vitabu vya mitumba: vya kemia, Biblia mbili, ramani ya Afrika iliyochanika. Katikati kulikuwa na kimoja kisicho na jalada, kurasa za mwanzo zimeliwa na panya. Kilikuwa kimefunuka kwenye picha ya fisi aliyekalia chungu, mkia wake umenasa ndani. Shangazi, miguu iliisha nguvu.

Kitabu kile tulikuwa nacho kwetu Sengerema. Nakala yetu ilikufa zamani, bati lilivuja masika moja ikaoza yote, lakini kitabu ndicho. Kaka yangu alikileta nyumbani mimi nikiwa darasa la pili, na yeye alikipata hakina jalada vilevile, kwa hiyo jina lake halisi silijui mpaka leo. Sisi tulikiita Kitabu cha Fisi. Kina hadithi kumi na nne. Kaka alisoma kwa koroboi, sisi watatu tumejilaza mkekani, naye kila hadithi aliianza kwa "Hadithi, hadithi!" na sisi tukaitikia "Hadithi njoo!" ingawa hakuna mahali kitabuni palipoandikwa hivyo. Asubuhi pua zetu zote nyeusi kwa moshi. Nakumbuka hata alivyokuwa akilamba kidole kabla ya kufunua ukurasa, na mama akimgombeza kwamba atakula wino.

Kijana alitaka elfu tatu. Mimi ni mtu wa kupatana bei kutwa nzima, lakini siku ile nilitoa elfu tatu bila neno, nikaondoka kama niliyeiba. Sketi nilisahau. Kwenye daladala nikasoma mpaka nikapitiliza kituo.

Sasa shida yangu. Miaka mitatu iliyopita niliolewa na mwanamume aliyefiwa na mke. Ana binti mmoja, sasa ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minne. Ananiita Mama mdogo. Hatujawahi kukosana. Ni mtoto mtulivu, mtulivu wa kunitia wasiwasi. Hata akiumwa hasemi, mpaka umguse ndiyo ujue ana homa. Kitabu hiki ndicho kilichotuleta pamoja. Akimaliza kazi za shule anakuja nacho mwenyewe, ananiegemea, namsomea. Kabla ya hapo hakuwahi kuniegemea.

Lakini iko hadithi ya tisa. Msichana kafiwa na mama yake, baba kaoa. Mama wa kambo anampa tenga, anamwambia akachote maji ziwani, na akirudi bila maji hali chakula. Mtoto anakaa ufukweni analia. Chura anatokea, anamwimbia apake tenga udongo wa mfinyanzi, naye anarudi nyumbani na maji. Mwisho mama wa kambo anaenda mwenyewe ziwani kuchunguza siri, anageuka jiwe, mawimbi yanampiga mpaka leo. Utotoni niliipenda hiyo kuliko zote kumi na nne! Nilikuwa namwomba kaka arudie pale anapoanza kugeuka jiwe, kuanzia miguuni, polepole, na nilikuwa nashangilia.

Usiku nilioufikia ukurasa ule, yule mtoto kichwa chake kikiwa begani kwangu, sauti ilinikauka. Maana mama wa kambo ni mimi, Shangazi. Nikairuka, nikasoma ya kumi. Wiki iliyofuata nikairuka tena. Halafu nikafanya jambo la kitoto: nilichukua ugali wa jana nikazibandika karatasi zile kingoni. Ukitoka ukurasa wa 51 unaangukia 56.

Hakuuliza. Likizo ya Desemba alikwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa bibi yake mzaa mama, akakibeba kitabu. Mwezi wa kwanza nilimfuata mwenyewe. Tunarudi, meli inakaribia bandari, akalitazama sana lile Jiwe la Bismarck lililosimama majini, kisha akaniuliza, "Mama mdogo, ni lile?" Nikajifanya sijaelewa. Nyumbani nilipokagua kitabu nikaona ugali umebanduka pembe moja. Alikuwa amechungulia ndani kama mtu anayechungulia bahasha.

Wiki iliyopita nikamtuma ndoo moja ya maji. Nyumba yetu ni ya wapangaji, bomba liko uani. Aliiacha ndoo, akachukua tenga langu la dagaa, akaliweka chini ya bomba, akafungulia. Maji yanapita, yeye amegeuka ananitazama. Hakucheka. Majirani wawili walikuwa wanafua, mmoja akaguna. Nilimpokonya lile tenga nikamwambia "Ingia ndani!" kwa sauti ambayo hata mimi niliiogopa.

Tangu siku hiyo kitabu hajakileta. Bibi yake amemjaza maneno? Nikitupe? Mume wangu anasema ni hadithi tu, nikiwashie mkaa yaishe. Na kinachoniumiza zaidi ni kwamba mimi niliipenda mno. Nilikuwa napenda nini?

Mama mdogo, Kitangiri

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Kitabu usichome. Tuanzie hapo, kabla mumeo hajafika na kiberiti. Mtu anayeona Kitabu cha Fisi akakumbuka mkaa, huyo tumwombee.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikaona kitu. Mtoto anakuita Mama mdogo. Wewe ndiye unayejiita mama wa kambo. Nimeishi Mwanza hii miaka mingi, nimeona watoto wengi waliolelewa na wake za baba zao, sijawahi kumsikia hata mmoja akisema mezani, "Mama wa kambo, naomba chumvi." Ni neno linalosemwa mtu akiwa hayupo, na vitabuni. Aliyekubandika hilo jina ni wewe, na gundi uliyotumia ni kali kuliko ugali.

Sasa nikusimulie habari ya hao wa vitabuni. Huko Ujerumani walikuwepo ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, waliokusanya hadithi za kwao na kuzichapa mwaka 1812. Katika toleo hilo la kwanza, yule malkia anayemwonea wivu binti aitwaye Snow White mpaka kutaka auawe alikuwa mama yake wa kumzaa. Toleo la pili, 1819, wakambadilisha, akawa wa kambo. Hansel na Gretel, wale watoto wanaoachwa msituni kwa sababu ya njaa, mama yao naye alikuwa mzazi. Ilipofika toleo la 1840 akawa wa kambo. Matendo yote yalibaki vilevile. Kilichobadilika ni nani wa kuyabeba. Vitabu vilikuwa vinaingia kwenye nyumba zenye watoto, na ilionekana vibaya mama mzazi afanye hayo.

Sisemi hadithi zetu tumepewa na Wajerumani. Wa kwetu tulikuwa nao, na tenga lake. Nakueleza tu kwamba yule mwanamke ni gunia. Watu hutupia humo kile wasichoweza kumtupia mama.

Na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la mwisho, ambalo wewe umeliweka mwishoni kama la aibu na mimi naona ndilo la maana. Sengerema, nani alikuwa anakutuma maji? Nani alikwambia huli mpaka vyombo vioshwe? Si mama yako, yuleyule aliyekuwa anamgombeza kaka kwa kulamba kidole? Sasa mtoto wa miaka minane ambaye mgongo unamuuma kwa ndoo atamtaka mama yake ageuke jiwe? Hawezi, hata kuwaza anaogopa. Lakini wa kitabuni anaweza. Unamgeuza jiwe kuanzia miguuni, tena na tena, unashangilia, kisha koroboi inazimwa na mama yako anakuja kukufunika shuka. Ndicho ulichokuwa unapenda. Hakuna uovu hapo. Ulikuwa unaiogopa hadithi ukiwa mahali salama.

Ila binti yako hayuko pale ulipokuwa wewe. Hapa ndipo nakuomba usome taratibu, maana ndiyo sababu ya kukujibu kwa urefu huu.

Wewe ukiifungua hadithi ya tisa unaona hadithi ya mama wa kambo. Yeye anaona hadithi ya mtoto aliyefiwa na mama. Nina hakika kubwa kwamba katika zile kumi na nne, zilizobaki ni fisi na sungura na wafalme na mbilikimo, na mtoto aliyefanana na yeye yumo mmoja tu, ukurasa wa 52 mpaka 55. Umezibandika kurasa pekee ambazo yeye yumo. Ulikuwa unajificha wewe, ukamficha yeye. Najua hukukusudia. Lakini mtoto mtulivu kiasi cha kuficha homa, akiona mtu mzima ameruka habari ya kufiwa na mama, anajifunza kwamba habari hiyo haizungumzwi nyumba hii.

Ndiyo maana alichungulia.

Tuje kwenye tenga. Siwezi kuapa, sikuwepo bombani. Huenda ulikuwa utundu, huenda bibi alisema neno. Lakini tazama ulichoandika mwenyewe: alifungulia maji, akageuka, akakutazama, hakucheka. Mtoto anayekusuta haangalii hivyo; anayesuta huangalia majirani. Huyu alikuwa anakusubiri. Alikuwa ameshaanza hadithi, yeye ni msichana, tenga analo, maji yanavuja, na katika hadithi hiyo anayefuata kusema si mama wa kambo. Anayefuata ni chura. Alikuwa anakupa zamu, mwanangu, aone utakuwa nani. Wewe ukakimbilia nafasi ambayo hakuna aliyekupa.

Kwa hiyo cha kwanza mwombe radhi kwa ile sauti. Usitunge maneno. "Siku ile bombani nilikosea kukufokea" yanatosha, na usiongeze "lakini". Majirani achana nao, wameshapata la kuguna jingine.

Cha pili, zibandueni kurasa pamoja. Usimfanyie kama zawadi ya kushtukiza, mwambie wazi: "Nilizibandika mimi, niliogopa hii hadithi." Ugali ni wanga, unalainika kwa unyevu, tofauti na gundi ya dukani. Chukueni kitambaa safi, mkiloweshe, mkikamue sana, kisha mkilaze juu ya kingo zilizoshikana kama robo saa. Ukihisi imelegea, pitisha kisu butu cha kupakia siagi, polepole, ukigoma usivute, rudisha kitambaa. Karatasi ya zamani ikilowa huchanika kama chapati. Zikiachana futeni mabaki yote ya ugali, maana mende wa Kitangiri nawajua, watamaliza kazi waliyoianza panya wa Makoroboi. Wekeni karatasi kavu katikati ya kila ukurasa, mkaushe kivulini. Usikianike pale unapoanika dagaa, tafadhali.

Kisha msomee. Mara ya kwanza isome ilivyo, na jiwe lake, mpaka mwisho. Nawajua kinamama wa siku hizi, utatamani kumgeuza mama wa kambo awe mwema ukurasa wa mwisho. Usifanye hivyo bado. Mtoto ameshaisoma, atakukamata, na itakuwa umebandika kwa njia nyingine. Sauti ikikukauka, ikauke. Mpe yeye asome kipande hicho, darasa la tatu anaweza. Baadaye sana, mkishaizoea, mnaweza kuichezea mtakavyo. Hadithi za mdomoni ndivyo zilivyoishi, kila msimuliaji na mwisho wake.

Akikuuliza tena kuhusu lile jiwe, usijifanye hujaelewa. Mwambie wakoloni wa Kijerumani walilipa jina la chansela wao Bismarck, mwanamume mwenye masharubu makubwa, kwa hiyo mama wa kambo wetu atakuwa jiwe jingine. Mji huu una mawe ya kutosha, atafute. Mnaweza kupoteza Jumapili nzima mkitafuta.

Kuhusu bibi wa Nansio naenda haraka, kwa sababu hukunipa ushahidi wowote dhidi yake zaidi ya hofu yako. Yule ni mama aliyemzika binti yake, na kila likizo anampokea mjukuu mwenye uso wa huyo binti. Hata kama aliteleza neno, mimi nisingempelekea kesi. Ningempelekea kilo mbili za sukari na swali: mama yake huyu mtoto alikuwa anapenda nini? Alikuwa mtundu? Alikuwa anaimba? Akusimulie mbele ya mtoto, na wewe uandike. Mkiwa huko kwake Ukerewe, hamtakuwa wa kwanza kuandika. Mzee Aniceti Kitereza wa kisiwa hichohicho alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaihamishia Kiswahili mwenyewe, na ikachapishwa mwaka 1980 akiwa amezidi miaka themanini. Ninyi hamhitaji mchapishaji. Kitabu chenu hakina kurasa za mwanzo, na hakina jalada. Shoneni karatasi chache mbele, ziwe za habari za mama yake, halafu ndiyo aje fisi. Mtoto akikifungua aanze na mama yake, kwa mwandiko wako.

Mumeo naye apewe kazi. Huyo mke aliyefariki alikuwa wake, na katika barua yako sijasikia akitajwa naye hata mara moja. Anaposema "ni hadithi tu", sidhani kama anacheka kweli. Mwache kwanza asikilize kutoka chumba cha pili, wanaume husikiliza vizuri zaidi wakiwa chumba cha pili. Na kaka yako, kama yu hai, mpigie simu. Mwambie umekipata. Mwambie asome hata hadithi moja kwenye spika ya simu, mtoto asikie inavyotakiwa kusomwa, na "Hadithi njoo" yake.

Kama mtoto hatakileta kitabu wiki hii wala ijayo, usimlazimishe, kiache mahali anapokiona. Siku akichukua tenga tena unajua cha kusema. Udongo wa mfinyanzi ukikosekana hapo uani, tope la karoni linatosha.

Nami nina ombi. Umeniandikia kwamba chura anaimba, ila wimbo hukuuandika. Bibi yangu wa Magu alikuwa na hadithi ya tenga kama hiyo, ila kwake alikuwa ndege, na wimbo wake nimeupoteza wote, nimebaki na "paka, paka" tu. Mkishabandua, mwambie binti anakili ule wimbo wa chura kwa mkono wake, mniletee. Akikosea herufi usimsahihishe.

Shangazi